Milango Iliyolazwa Karakana

Siku aliporipoti kazini, mlinzi wa getini alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, akaigeuza barua yake ya ajira upande wa nyuma kana kwamba ukweli ulikuwa umejificha huko, kisha akamwelekeza jikoni.

"Jiko ninalo nyumbani," mwanamke yule akamjibu. "Naomba unioneshe karakana."

Karakana ilikuwa nyuma ya jengo kuu la serikali, banda refu la mabati lililojaa viti vyenye miguu mitatu, meza zilizopinda mgongo na makabati yaliyokataa kufungwa. Samani za ofisi zote zilipelekwa huko zikiumwa, na nyingine hazikuonekana tena. Mafundi wote walikuwa wanaume. Mkuu wao aliitwa Bwana Nusu, maana msumeno wa umeme ulimkata nusu ya kidole gumba enzi za ujana wake, naye alipenda kukinyoosha kile kipande kilichobaki kama mtu anayeonesha cheti.

"Bibie, hapa tunapasua mbao," alimwambia. "Hatupigi chapa."

"Ndiyo maana nimekuja na randa."

Akaitoa mfukoni, randa ya marehemu baba yake, imelainika kwa jasho la viganja mpaka inang'aa. Tangu siku hiyo wakamwita Mama Randa, ingawa wakati huo hakuwa na mtoto hata wa kuazima.

Ovaroli aliyopewa ilikuwa ya mtu wa miraba minne. Mumewe, ambaye alikuwa fundi cherehani, aliipunguza, akaipunguza tena, na kitambaa kilichobaki kikatosha kushona mfuko wa penseli. Buti nazo zilikuwa kubwa kiasi kwamba akigeuka, buti zilibaki zinatazama alikotoka. Alizirudisha bohari, wakamwambia hakuna saizi ya wanawake. Kesho yake akaenda tena nazo, akazivaa pale pale mbele ya mtunza bohari, akawa anatembea huku na huko, paka, paka, paka, mpaka mtu wa watu akashindwa kufanya hesabu zake. Buti za saizi yake zikapatikana.

Lakini vita vyake vya kwanza hasa vilikuwa vya ule msumeno. Kinga yake ilikuwa imetundikwa ukutani, imeshika vumbi, kwa sababu mafundi walisema inawachelewesha. Mama Randa akakataa kuugusa. Bwana Nusu akasema ni woga wa kike. Mama Randa hakubishana naye. Kila asubuhi, baada ya salamu, alipita kwa fundi mmoja mmoja na kumuuliza kwa upole wa muuguzi, "Vidole vyote vimeamka salama?" Kisha anaiangalia mikono yake, mbele na nyuma, kama mzazi anayekagua kucha za watoto kabla hawajaenda shule. Mwanzoni walicheka. Baadaye mmoja akaanza kuficha mikono mfukoni, na mwingine akaungama kwamba ameota vidole vyake vinamuaga. Bwana Nusu akaipangusa ile kinga, akaifunga mahali pake, na kutangaza kwamba amefanya hivyo ili apate amani ya masikio tu.

Basi miaka ikapita. Mama Randa akapata watoto, akapandishwa daraja, akajulikana katika jengo zima. Mtu akiketi kwenye kiti kikalia kriii, aliitwa yeye.

Kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo hilo ilikuwepo idara ya vibali, na mkuu wake aliitwa Marashi. Hakuna aliyemwita hivyo mbele yake. Alikuwa mtu wa kujipulizia manukato mpaka harufu ikamtangulia kwenye ngazi, na wafanyakazi walijua kwamba bosi amefika kabla gari lake halijazimwa. Nywele zake zilikuwa nyeusi kuliko umri wake. Wananchi waliofuata vibali walimjua kwa maneno mawili: "Mchakato unaendelea."

Katika idara yake aliajiriwa msichana wa ukarani aliyekuwa na mazoea ya kuchomeka kalamu kwenye nywele, kisha akaitafuta meza nzima. Wakampa jina la Kalamu. Alikuwa bado kwenye muda wa majaribio, na wa kumthibitisha kazini alikuwa Marashi.

Habari zilimfikia Mama Randa kupitia mama wa chai, mwanamke mnene mwenye miguu isiyo na sauti, ambaye kwa kazi yake ya kubisha hodi na sinia alijua mambo kuliko baraza la mawaziri.

"Leo nimegonga kwa Marashi, mlango umefungwa kwa ufunguo ndani," alisema, akimimina chai pale karakana. "Nikasubiri. Mara ukafunguliwa, akatoka yule binti Kalamu. Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, kakishika kisigino juu."

"Kisigino juu?"

"Kama nyundo."

Mama Randa aliacha kupiga msasa.

Siku ile ile alipanda juu kwenda kutengeneza mtoto wa meza wa Kalamu, ambao haukuwa na ubovu wowote. Akauchomoa, akaulaza sakafuni, akajifanya anautafuta ugonjwa.

"Shikamoo, mama," Kalamu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kiatu chako kimepona?"

Msichana akatazama kulia na kushoto. Macho yakajaa. Alieleza kwa sauti ndogo, kipande kipande: kuitwa ofisini kila mara, mlango kufungwa, mkono begani, kisha mkono usiotosheka na bega. Siku hiyo alikuwa amevua kiatu, na Marashi alicheka tu na kumkumbusha kwamba fomu ya kuthibitishwa iko mezani kwake.

"Nenda kaseme kwa Mkurugenzi," Mama Randa akamwambia.

"Niseme nini, mama? Mlango ukishafungwa, shahidi ni kitasa. Naye ni bosi, mimi nina miezi michache hapa. Watasema nilijipeleka. Niahidi hutamwambia mtu."

Mama Randa akaurudisha mtoto wa meza mahali pake, taratibu.

"Naahidi sitasema," alijibu. "Lakini kukaa kitako sikuahidi."

Kwa muda mrefu Marashi alikuwa akilalamika kwamba mlango wake unalia. Alitaka mlango wa kufunguka na kufungwa pasipo mtu kusikia, na sasa Mama Randa alifahamu sababu. Asubuhi iliyofuata akabisha hodi na mfuko wake wa vifaa.

"Bosi, nimekuja kwa ajili ya mlango. Ulisema unalia."

"Unalia sana. Utie mafuta."

Mama Randa akaubembea mlango mara kadhaa, akaweka sikio kwenye mbao kama daktari, akatikisa kichwa.

"Mafuta hayatasaidia. Umevimba ndani. Huu ni wa kulazwa."

"Kulazwa wapi?"

"Karakana."

"Kwa muda gani?"

"Bosi, mgonjwa hajafika hospitali, unaniuliza ataruhusiwa lini?"

Bisibisi ikafanya kazi yake. Kabla Marashi hajamaliza kusoma gazeti, mlango ulikuwa mgongoni mwa vibarua wawili ukishuka ngazi, na ofisi yake ikabaki wazi kama kinywa cha mtu aliyeshangaa.

Alipoulizia mlango wake, aliambiwa mbao inakauka. Alipoulizia tena, aliambiwa imekauka, sasa ni bawaba.

"Bawaba zimeombwa bohari," Mama Randa alimweleza kwa heshima zote, mikono nyuma. "Bohari wameuliza ugavi. Ugavi wanasema mchakato unaendelea."

Marashi aliyatambua maneno yake mwenyewe. Chakula kile alikuwa amewalisha wengi. Kukila mwenyewe ilikuwa mara ya kwanza.

Akatundika pazia. Mama wa chai akalipenda sana lile pazia, kwa sababu pazia halibishiwi hodi. Alilipita moja kwa moja, sinia mbele, asubuhi, mchana, na hata saa ambazo hakuna mtu duniani anayekunywa chai. "Nimesikia bosi umekohoa, nikaleta ya tangawizi," alisema siku moja, na kabla hajajibiwa akasogeza kiti akaketi apumzishe miguu.

Nyumbani, mume wa Mama Randa alikuwa na wasiwasi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sindano mdomoni muda mwingi, na maneno yake yalipita pembeni ya sindano.

"Mke wangu, kazi ya serikali ni yai. Ukilishika vibaya, huokoti."

"Mimi sijashika yai. Nimeshika mlango."

Mama yake mume, aliyeishi nao na aliyekuwa amekaa pembeni akichambua mchele, hakuinua macho. "Mwache," alimwambia mwanawe. "Mwanamke aliyefanya kazi na misumari hafundishwi kushika yai."

Siku chache baadaye Marashi alimtuma Kalamu chumba cha mafaili, mwisho wa ukumbi, akatafute jalada la zamani. Kisha naye akainuka, akajinyoosha, akamfuata. Mama wa chai alimwona. Alipoukuta mlango umefungwa, hakubisha. Alisimama mbele yake, akaliinua sinia lenye vikombe vya serikali, akaliachia.

Mlio wake ulifika hadi kwa wananchi waliokuwa kwenye mabenchi nje. Watu wakajaa ukumbini. Mlango ukafunguliwa, Marashi akatoka akijifuta kipaji cha uso, na nyuma yake Kalamu, ameshikilia jalada kifuani kwa mikono yote miwili kama ngao.

"Utelezi," mama wa chai alisema, akitazama sakafu kavu.

Alasiri hiyo mlango wa chumba cha mafaili ulikwenda karakana. Na kwa tahadhari, Mama Randa akang'oa wa chumba cha vifaa, wa ofisi ya pembeni na mingine karibu yote ya ukumbi ule, akawaeleza wenyewe kwa uso mkavu kwamba milango imeambukizana.

Bwana Nusu alipoikuta imeegemezwa ukutani, safu nzima, alimwita kando.

"Hii milango ina nini?"

"Haina kitu."

"Sasa?"

Mama Randa alifikiri namna ya kusema bila kuvunja ahadi. "Mzee, kule juu kuna msumeno mwingine hauna kinga."

Bwana Nusu alikisugua kile kidole chake kwa kidole kingine. Alikuwa na mabinti watatu, wote wafanyakazi.

"Wa chumba cha mikutano umebaki," alisema mwishowe. "Kaulete na huo."

Ukumbi usio na milango ukawa na maisha mapya. Upepo ulihamisha karatasi kutoka uhasibu hadi utumishi bila saini ya mtu. Ikajulikana kwamba mhasibu, aliyedai anafunga mlango apate utulivu wa hesabu, alikuwa akikoroma. Wananchi waliozoea kuambiwa ofisa yuko kwenye kikao sasa walimwona kwa macho yao akimenya chungwa, wakamsalimia kwa jina, na vibali vikaanza kutoka kwa kasi iliyomtia kila mtu mashaka.

Mama Randa alifurahi. Alitembea akipiga mluzi. Furaha hiyo ilikatwa na Kalamu, aliyemfuata karakana wakati wa chakula.

"Mama, nakushukuru, lakini mlango umeondoka na yeye yupo. Haniiti tena. Ameandika kwamba siwezi kazi na nisithibitishwe. Na wewe amekushtaki."

Ilikuwa kweli. Marashi alikuwa amepeleka malalamiko kwamba fundi huyu anahujumu mali ya umma, na Mama Randa akaitwa mbele ya Mkurugenzi. Usiku hakula vizuri. Alitambua kwamba katika utundu wake wote alikuwa amepiga hesabu ya milango, hakupiga hesabu ya kalamu ya bosi.

Kikao kilifanyika chumba cha mikutano. Mkurugenzi alikuwa mzee wa sauti ya chini, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kifuani, na karatasi zake alizigandamiza kwa jiwe kwa sababu ya upepo. Marashi alizungumza kwa ufasaha. Alitaja uharibifu, utovu wa nidhamu na dharau kwa viongozi.

"Ni kweli umeing'oa?" Mkurugenzi akamuuliza Mama Randa.

"Ni kweli, mheshimiwa. Ilikuwa inaugua."

Mtu mmoja alicheka. Mkurugenzi hakucheka.

"Mama, mimi nina umri wa kutosha. Mlango hauugui. Kwa nini uliung'oa ule wa kwanza?"

Hapo ndipo mzaha ulipomwishia. Jibu alikuwa nalo ulimini, lakini halikuwa lake. Alikuwa ameliwekea ahadi. Akatazama mikono yake. Marashi akaanza kutabasamu.

"Huna la kusema?" Mkurugenzi akauliza.

"Ninalo, mheshimiwa. Siruhusiwi kulisema."

Kila neno la kikao kile lilikuwa likisikika ukumbi mzima, maana hapakuwa na kitu cha kulizuia. Kalamu alikuwa mezani kwake. Baadaye alisimulia kwamba alijaribu kuendelea kuandika, akagundua anarudia kuandika neno lile lile. Alisimama, akavuta pumzi, akatembea mpaka chumba cha mikutano, akaingia.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema. "Aliung'oa kwa ajili yangu."

Alisema yote akiwa wima. Alipofika kwenye kiatu akakieleza bila aibu. Marashi akaruka, akasema huyu ni mfanyakazi mzembe anayetafuta pa kujifichia, na kwamba mambo ya wanawake hayana mwisho.

"Mimi nilimkuta ana kiatu mkononi," ilisema sauti kutoka ukumbini. Mama wa chai akaingia na sinia lake. Nyuma yake akaingia mpiga chapa wa uhasibu, mwanamke mtu mzima ambaye kwa miaka mingi hakupanda ngazi zile peke yake na hakuwahi kusema kwa nini. Akasema. Akaingia na mwingine wa masjala. Hakuna aliyebisha hodi, kwa kuwa hapakuwa na pa kubisha.

Mkurugenzi alivua miwani, akavaa nyingine, akamgeukia mwandishi wa kikao. "Umeandika?"

"Nimeandika, mheshimiwa."

"Yote?"

"Yote."

"Basi wewe," akamwambia Marashi, "nenda nyumbani. Utaitwa."

Uchunguzi ulichukua muda wake, kwa kuwa serikali haikimbii hata ikiungua. Katikati, Marashi aliwatuma jamaa zake kwa kina Kalamu ili mambo yamalizwe kifamilia. Mjomba wa Kalamu alikuwa tayari kulegea; alisema msichana mwenye kesi hupata tabu ya kuolewa. Mama yake Kalamu aliwakaribisha wageni maji, akawaacha wakaongea mpaka wakaishiwa, kisha akasema, "Mwanangu hakwenda kule kuolewa, alikwenda kufanya kazi. Kwa hiyo yatamalizwa kazini." Akakusanya bilauri.

Yakamalizwa kazini. Kamati ilisikiliza wanawake zaidi ya waliojitokeza siku ile, hata mmoja aliyekuwa ameacha kazi zamani na ambaye kila mtu aliambiwa alihama kwa hiari. Marashi alifukuzwa. Harufu yake ilidumu kwenye pazia mpaka mama wa chai alipolichukua akalifanya matambara ya kudekia.

Kalamu alithibitishwa. Isidhaniwe kwamba alisahau mara moja. Kwa muda mrefu alizungukia ngazi za nyuma ili asipite mbele ya ofisi ile, hata ilipokuwa na bosi mwingine. Lakini siku moja alichelewa, akapita mbele, na akafika mezani kwake ndipo alipokumbuka kwamba amepita.

Milango ilirudi mmoja mmoja, kila mmoja umetobolewa dirisha la kioo usawa wa macho. Wazo lilikuwa la wanawake wa ukumbi, walioanza kukutana kila mwezi kuzungumzia usalama wao, na Mkurugenzi alilipitisha akaamuru lianzie ofisini kwake. Mhasibu peke yake ndiye aliyelalamika, kwa sababu anazojua mwenyewe.

Mama Randa naye hakupona moja kwa moja. Sheria ni sheria, alisema Mkurugenzi, na milango ya serikali haing'olewi bila kibali. Akaandikiwa barua ya onyo, yenye mhuri na lugha kali. Aliisoma karakana, akampa Bwana Nusu naye akaisoma, kisha wakachagua kwa pamoja kipande cha mbao nzuri iliyobaki walipotengeneza meza ya wageni mashuhuri. Akaichonga fremu, akaipiga msasa na vanishi, akatia na kioo.

Mumewe alipoiona alitoa sindano mdomoni kabisa, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Mke wangu, onyo halitundikwi sebuleni."

"Mimi nimetengeneza fremu tu. Kutundika si kazi yangu."

Aliyeitundika ni mama mkwe. Alisimama juu ya kigoda na misumari miwili midomoni, akakataa kusaidiwa. Bibi huyo alijua kusoma vizuri kabisa, tena bila miwani. Na mgeni akija, kabla hajaulizwa hali ya safari, huvutwa mkono mpaka ukutani.

"Soma hapo kwenye mstari wa tatu," humwambia. "'Aling'oa milango kwa makusudi.' Umeona? Huyo ndiye mkwe wangu. Sasa keti, nikuletee maji."